Mtu Wetu kwa Gavana Mpya

Msomaji wa pwani akisikia jina Rongai, fikra humwendea Ongata Rongai, ule mji wa kando ya Nairobi uliopata sifa kwa matatu zake zenye makelele. Ninayoikusudia leo ni nyingine. Ni Rongai ya Nakuru, nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, iliyoko upande wa machweo ya mlima Menengai, ambako reli ya wakoloni ilipita ikielekea magharibi na kutoa tawi lake la kwenda Solai. Huko ndiko alikoolewa dada yangu, na haja ya kumjulia hali ndiyo iliyonifikisha mwishoni mwa Agosti 2022, siku chache baada ya Bi Susan Kihika kuapishwa tarehe 25 ya mwezi huo kuwa gavana wa tatu wa kaunti ya Nakuru.

Usiku mmoja baada ya sala ya isha, wazee watatu walinizuia pale pale jamvini. Mkubwa wao, fundi wa reli wa zamani, alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Shekhe, tuna haja na mkono wako."

"Mkono wangu ni wenu, wazee wangu. Haja ni ipi?"

Haja ilikuwa barua kwa gavana. Ilianza kwa pongezi, ikafuatia kumkumbusha kwamba Waislamu wa Rongai nao walipanga foleni za kura, kisha ikaomba kijana mmoja, aliyetajwa kwa majina yake matatu, apewe nafasi katika serikali mpya. Niliuliza ni nafasi gani. Mzee akanijibu kwa utulivu: "Yoyote atakayoona inafaa, ila isiwe ndogo." Nikauliza kijana amesomea nini. Wakatazamana. Mmoja akasema ana digrii. Kijana mwenyewe alikuwa ameketi karibu na mlango, penye viatu, ameinamisha kichwa, wala hakuna aliyemwuliza.

Nilitia saini. Nakiri mapema ili msomaji asije akadhani kuwa yatakayofuata ni maneno ya mtu aliyesimama mbali akiwanyooshea wenziwe kidole.

Barua ya namna ile haikuwa ya Rongai peke yake. Majuma yale, ukipita Nakuru, kila kikao kilikuwa na orodha yake. Wafuasi wa kampeni walikuwa na yao, wazee wa koo yao, makanisa yao, na sisi tukaona aibu kubaki nyuma. Ni desturi changa, kwani kabla ya mwaka 2013 uteuzi wa vyeo ulitoka Nairobi. Mkuu wa mkoa wa Bonde la Ufa, ambaye makao yake yalikuwa papo hapo Nakuru, aliletwa na rais, na mwananchi wa Rongai alimjua siku ya kuwasili. Katiba ya 2010 ilipozileta serikali 47 karibu na watu, iliuleta pia mlango wa kuombea vyeo, na watu wakaujaa.

Lakini mlango huo ni mwembamba kuliko wengi wanavyodhani. Ibara ya 179 ya Katiba imeweka kikomo: kaunti yenye wawakilishi thelathini au zaidi katika bunge lake haiwezi kuwa na mawaziri zaidi ya kumi, mbali na gavana na naibu wake. Nakuru ina wadi 55, kwa hiyo mawaziri wake ni kumi na si zaidi. Maeneo bunge yake ni kumi na moja. Hata kama gavana angegawa kwa mizani ya dhahabu, kila eneo bunge likipewa waziri wake, lipo moja ambalo lingetoka mikono mitupu. Na tukishuka katika wadi, Rongai peke yake ina tano, yaani Menengai Magharibi, Soin, Visoi, Mosop na Solai, na katika kila moja nilikuta watu walioamini kwamba waziri atatoka kwao.

Juu ya hesabu hiyo ipo nyingine isiyoandikwa popote. Gavana wa kwanza, Kinuthia Mbugua, aliingia mwaka 2013 na Joseph Ruto kuwa naibu wake. Lee Kinyanjui aliyemfuata mwaka 2017 aliingia na Erick Korir. Bi Kihika ameingia na David Kones. Mara zote tatu gavana ametoka kwa Wakikuyu na naibu kwa Wakalenjini. Siidharau hesabu hiyo, na aliyekuwa Nakuru Januari 2008, nyumba zikiungua na jirani akimkimbia jirani, hawezi kuidharau. Kupanga jamaa mbili kubwa kilele kimoja ni namna ya kuweka amani, na amani ina gharama zake.

Tatizo ni kwamba wakubwa wawili wakishaketi, waliosalia hufundishwa kuiga hesabu ile ile kwa vipimo vidogo. Mluhya humhesabu Mluhya, Mkisii Mkisii, Mturkana Mturkana. Waogiek wa msitu wa Mau, ambao Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliwapa haki mwaka 2017 katika kesi yao dhidi ya serikali ya Kenya, nao wana lao la kudai. Na sisi Waislamu, wachache wa huko bara, tukaja na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Je, tulikosea kudai? Hapa ndipo nilipopingana na nafsi yangu kwa muda mrefu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 35, inamtaka gavana ateue mawaziri kwa namna itakayoonyesha, kadiri iwezekanavyo, jamii na tamaduni mbalimbali za kaunti yake. Bunge la kaunti limekatazwa kupitisha majina ambayo hayakuzingatia uwakilishi wa walio wachache na waliosahauliwa, au yenye zaidi ya theluthi mbili za jinsia moja. Kwa hiyo mchache anayesema "nami nimo" hasemi neno la aibu. Anasema neno la sheria. Na mchache asiyesema, aghalabu husahauliwa. Hilo sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa na mtu.

Kosa letu lilikuwa kwingine. Tulimwombea mtu cheo bila kujua anaweza kazi gani. Katiba, katika ibara ya 73, inataka kiongozi ateuliwe kwa uadilifu wake, uwezo wake na kufaa kwake. Nasi katika barua yetu hatukutaja hata moja katika hayo matatu. Tulitaja idadi ya kura.

Nami ni mtu niliyekalia mkeka wa chuoni tangu utotoni, sikuwa na udhuru wa kutojua. Nimesomesha mara ngapi kisa cha binti wa mzee wa Madiani, aliyemshauri baba yake amwajiri Nabii Musa kwa sababu mbili tu, nguvu za kuifanya kazi na uaminifu? Hakutaja kabila lake wala ukoo wake, na Musa alikuwa mgeni aliyefika siku hiyo hiyo. Nimesomesha pia habari ya Abu Dharri, swahaba ambaye ukweli wake haukutiliwa shaka, alipoomba kazi ya uongozi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimweleza waziwazi kwamba yeye ni dhaifu kwa kazi hiyo na kwamba uongozi ni amana. Alikuwa mtu mwema, akanyimwa. Angekuwa kijana wetu wa Rongai, tungemwandikia barua.

Na tazama tulichokiacha. Majina ya mawaziri yakishapelekwa bungeni, Sheria ya mwaka 2017 ya kuidhinisha uteuzi katika mabunge ya kaunti inataka karani wa bunge awatangazie watu siku ya usaili kabla haijafika, na usaili wenyewe ufanywe hadharani. Zaidi ya hayo, mtu yeyote, awe mkulima wa Visoi au mama muuza maziwa wa Solai, anaruhusiwa kumpelekea karani maelezo ya maandishi yenye kiapo, pamoja na ushahidi, akieleza kwa nini mteule fulani hafai. Haihitaji uwe mfuasi wa chama wala umjue mtu. Siku zile nilipowauliza wazee kama kuna yeyote aliyewahi kupeleka maelezo hayo, fundi wa reli alicheka kicheko kifupi. "Shekhe," aliniambia, "sisi tunaomba tuingizwe ndani. Tutawashtakije walio ndani?"

Neno lile limenikaa moyoni mpaka leo. Mwenye kuomba cheo kwa barua hawezi kuwa shahidi katika usaili wa waliopewa. Ulimi wake umekwisha kuwekwa rehani. Na waziri aliyeingia kwa jina la jamii akiiba fedha za dawa, jamii yake ndiyo itakayokuwa ya mwisho kumsema, kwa kuwa ni "mtu wetu".

Nirudi kwa kijana. Siku ya pili alinipeleka Visoi kwa pikipiki, kwani alikuwa ameitwa kutazama ng'ombe. Nilimwona akimpima mnyama joto, akimshika tezi za shingoni, akimwambia mwenye ng'ombe kwamba hii ni ndigana kali na kwamba asingoje jioni. Alisomea afya ya mifugo. Alikuwa anajua kazi yake kama fundi wa jahazi anavyojua ubao. Njiani nikamwuliza: "Mwanangu, wewe mwenyewe unataka cheo gani?"

"Mimi, Shekhe, nataka kazi ya afisa wa mifugo wadini. Uwaziri wanautaka wazee."

Kazi aliyoitaka haitolewi na gavana kwa barua. Kazi za ngazi ya kuanzia hutangazwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, watu wakaomba, wakasailiwa. Na hapo ndipo sheria ilipomwekea mtu wa jamii chache ulinzi ulio imara kuliko saini yangu: kifungu cha 65 cha Sheria ile ya 2012 kinaitaka bodi izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia zilizo wazi ziwaendee waombaji wasiotoka katika kabila lenye watu wengi zaidi kaunti hiyo. Katika kaunti ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202, asilimia hiyo si jambo dogo. Ni vijana wengi kuliko mawaziri kumi.

Hata huku kwetu mambo yamebadilika na wengi hatujataka kuyaona. Zamani liwali na mudiri waliwekwa na wakubwa, na mtu alipata cheo kwa nyumba aliyozaliwa. Leo hata Kadhi Mkuu hupatikana baada ya kutangazwa nafasi, akaomba, akaketi mbele ya Tume ya Huduma za Mahakama na kuulizwa maswali, watu wakimsikia. Ikiwa mwanachuoni wa cheo hicho huulizwa anajua nini, kwa nini sisi tuone haya kumwuliza kijana wetu?

Barua yetu ilichukuliwa na mtu mmoja aliyejinadi kuwa yu karibu na wakubwa. Alipewa nauli, na baadaye akapewa nauli nyingine. Iwapo ilifika kokote, hakuna ajuaye. Wazee walimwagiza kijana atulie asihangaike, kwa kuwa jambo lake liko njiani, naye kwa adabu yake akatulia. Katika kutulia huko, mwajiri mmoja wa umma alitangaza nafasi za kazi yake ile ile. Tangazo lilitoka, siku zikahesabiwa, likafungwa. Alilisikia kwa mwenzake aliyekwisha kuajiriwa.

Nilipopata habari hizo kwa simu ya dada yangu, sikupata usingizi. Wazee walikuwa na udhuru wao, kwani walimpenda kwa namna waijuayo. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu.

Nimerudi Rongai mara nyingine. Fundi wa reli amezeeka zaidi, na uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027 umekwisha kuingia katika mazungumzo yake. Aliniuliza kama safari hiyo barua tuiandike mapema, kabla ya kura, ili iwe na uzito. Nikamwambia tukae kwanza tuandike majina ya vijana wetu wote na kila mmoja alichosomea. Hakufurahi sana, lakini alimtuma mjukuu wake akalete daftari. Tulifika majina kumi na saba, na kwa sita kati yao ilibidi tupige simu kuuliza.

Kijana wa mifugo alinijia usiku na mfuko wa nailoni wenye vyeti vyake. Kulikuwa na tangazo jipya, na fomu ilikuwa na pahala pa kujazwa na mtu amjuaye mwombaji: amemjua tangu lini, na anamjua kwa lipi. La kwanza nililijaza upesi. La pili lilinikalisha mpaka dada yangu akaja kuuliza kama taa izimwe. Niliandika habari ya ng'ombe wa Visoi.