Kizazi Kikishuka, Mwanamke Aulizwe Kwanza

Wapo kina mama wanaokaa na kizazi kilichoshuka miaka mingi kabla ya kufika hospitali. Mtu anahisi kitu kizito ukeni, hasa jioni baada ya kutwa nzima ya kubeba ndoo na kuinama shambani, naye ananyamaza kwa aibu. Siku akijikaza kwenda, anaweza kurudi na jibu moja tu: kizazi kitolewe. Hilo linaniuma, kwa sababu tatizo hili si la dharura, isipokuwa mkojo ukikwama, damu ikitoka au kilichotoka nje kikigoma kurudi. Muda wa kumweleza njia zote upo.

Kabla ya kutaja tiba, daktari ajue kizazi hicho kinamzuia mama kufanya nini. Ambaye hakimsumbui anaweza kufuatiliwa tu. Anayetaka kuzaa tena asiharakishwe kwenye upasuaji, maana uzazi unaofuata unaweza kulirudisha tatizo.

Kama kimeshuka kidogo, mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga husaidia. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2019 unataka yasimamiwe kwa wiki 16 angalau. Afundishwe na mtu anayeyajua, kwani wengi hukaza matako au tumbo wakidhani ndiyo mazoezi yenyewe.

Halafu kuna pesari, ambayo wagonjwa wengi hawajawahi hata kuisikia. Ni pete laini ya silikoni inayowekwa ukeni kushikilia kizazi. Mhudumu hupima kwa vidole, huchagua saizi, kisha humwambia mama atembee, achuchumae, akohoe, aende msalani akojoe. Ikichomoka, hujaribiwa kubwa zaidi, ikibana, ndogo. Akifundishwa, mama huitoa mwenyewe, akaiosha kwa maji na sabuni, akairudisha. Huweza kuleta uchafu au vidonda ukeni, kwa hiyo lazima arudi kliniki. Pesari iliyosahauliwa ndani miaka kadhaa ni hatari.

Upasuaji nao si wa aina moja. Kutoa kizazi peke yake hakutoshi, kwa sababu kilicholegea ni kano na misuli inayokishikilia, na hiyo ndiyo ya kutengenezwa. Kizazi kinaweza pia kubakizwa na kushikizwa mahali pake. Upo upasuaji wa kuziba uke, mwepesi kwa mwenye umri mkubwa, lakini baada yake hakuna tena tendo la ndoa. Asidhaniwe halihitaji kwa kuwa ana mvi. Aulizwe, tena akiwa peke yake, mume na wakwe wakisubiri nje. Kuhusu nyavu za plastiki zinazopandikizwa kupitia ukeni ili kushikilia kilichoshuka, Marekani ilisimamisha uuzaji wake kwa tatizo hili mwaka 2019, baada ya wanawake wengi kuachiwa maumivu.

Anayechagua upasuaji aambiwe wazi kwamba tatizo linaweza kurudi, na kwamba atakaa wiki 6 hivi bila kubeba kitu kizito. Aulizwe nani atamchotea maji wiki hizo. Kama hayupo, pesari inaweza kumvusha hadi binti yake afunge shule.