Madini Joto Yanavyotoroka Kwenye Chumvi

Mlingotini, kusini ya Kaole, bahari ikipwa kinamama hushuka kufunga mwani kwenye kamba. Pwani hiyohiyo ya Bagamoyo kuna mashamba ya chumvi, ambako maji ya bahari huachwa yakaukie juani hadi ibaki chumvi ya mawe. Mwani hufyonza madini joto (iodini) na kuyatunza. Ndiyo maana Mfaransa Bernard Courtois aliyagundua mwaka 1811 katika majivu ya mwani, tindikali ilipoyafanya yatoe mvuke wa zambarau. Chumvi, ingawa imetoka bahari ileile, hubaki nayo kiduchu tu.

Wapwani wengi hudhani rovu, uvimbe wa shingo unaoletwa na upungufu wa madini joto, ni ugonjwa wa watu wa milimani. Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliukuta upungufu wa madini joto Zanzibar, hasa Pemba, kisiwa kilichozungukwa na maji ya chumvi pande zote.

Tanzania iliagiza kisheria chumvi iongezwe madini joto katika miaka ya 1990. Kinachotiwa ni iodeti ya potasiamu, si iodidi, na sababu mojawapo ni metali kama shaba na chuma.

Wakulima wanaujua mrututu, ile dawa ya buluu yenye shaba. Ukiuyeyusha majini kisha ukamimina maji ya iodidi ya potasiamu, rangi ya buluu hupotea papo hapo. Maji yanakuwa ya kahawia, na mashapo meupe yanatuama chini. Mashapo hayo ni iodidi ya shaba. Ukahawia ni madini joto yaliyopokonywa elektroni na shaba. Sasa yako huru, na yakiwa huru hupaa hewani. Chuma kilichoyeyuka nacho hupokonya hivyohivyo. Chumvi isiyosafishwa huwa na chembe za metali hizi, na unyevu wa pwani huzisaidia kuifukuza iodidi. Iodeti imekwisha kushikamana na oksijeni, kwa hiyo huvumilia zaidi.

Huvumilia, lakini nayo ina mwisho wake: unyevu, jua na joto huipunguza. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 250, kwa ajili ya ubongo wa mtoto aliye tumboni. Basi nunua chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto, iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na mvuke wa jiko, wala usiianike juani ikilowa. Na uitie chakula kikikaribia kuiva.