Magari ya utalii ya foo-wili: Injini ipi itarudisha mtaji?

WAFANYABIASHARA wa mitaji midogo wanaotaka kuingia katika ukodishaji wa magari ya utalii Tanzania na Kenya wanashauriwa kupiga hesabu upya kabla ya kuagiza gari. Mabadiliko ya injini yanayofanywa na viwanda vya Japan, sheria za umri wa magari na ujenzi wa barabara za lami vimeanza kubadili faida iliyozoeleka katika magari ya foo-wili, yaani yale yanayovutwa na magurudumu yote manne.

Mahitaji ya magari hayo yapo. Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa wapatao milioni 1.5 mwaka 2019. Idadi hiyo ilishuka hadi 620,000 hivi mwaka 2020 kutokana na ugonjwa wa Uviko-19, kisha ikapanda na kupita milioni 2.1 mwaka 2024.

Takwimu hizo zina sura mbili. Ya kwanza ni kwamba soko limerudi na kupita pale lilipokuwa. Ya pili ni kwamba mwaka 2020 magari yalilala uani huku riba za mikopo zikiendelea kutembea. Mwenye magari 40 aliweza kuuza machache akabaki na biashara. Mwenye gari moja la mkopo hakuwa na cha kuuza isipokuwa hilo hilo. Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa gari na injini ni suala la mtaji kwanza, na la ufundi baadaye.

Njia tatu za kupata foo-wili

Njia ya kwanza ni kununua gari dogo la abiria lililotoka kiwandani likiwa foo-wili. Mfano unaojulikana zaidi ni Toyota HiAce ya toleo la 200, lililoanza mwaka 2004, ambayo huko Japan huuzwa pia ikiwa na foo-wili ya kudumu. Katikati ya mfumo wake kuna kiungo chenye visahani vilivyozungukwa na mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza, visahani huzunguka kwa kasi tofauti, mafuta hupata moto na kushika, na nguvu huhamia mbele. Dereva habonyezi kitu chochote. Volkswagen ilitumia kanuni hiyo hiyo mwaka 1985 katika gari lake la Syncro, lililotengenezwa pamoja na kampuni ya Steyr-Daimler-Puch ya Graz, Austria.

Njia ya pili ni kuchukua gari la kawaida na kulifanya foo-wili katika karakana. Nchini Australia kampuni ya Bus4x4 hufanya kazi hiyo kwa HiAce na Coaster. Njia hii ndiyo iliyobaki kwa anayependa HiAce ya toleo la 300, lililoanza mwaka 2019, kwa kuwa toleo hilo hutoka kiwandani likisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Hata hivyo, kazi yenyewe si ya kuchomelea tu. Inahitaji giaboksi ya kugawa nguvu, difu ya mbele, ekseli mpya, propela ya pili, na marekebisho ya usukani na breki. Gari likiinuliwa bila vipimo sahihi, propela hukaa kwa pembe mbaya na kula viungo vyake kila baada ya miezi michache. Hapo ndipo rahisi huwa ghali.

Njia ya tatu ndiyo iliyozoeleka zaidi Arusha na Nairobi. Toyota Land Cruiser ya familia ya 70, ambayo tayari ni foo-wili, hukatwa chesisi, hurefushwa, huongezewa viti na kuwekewa paa la kuinuka ili abiria waone wanyama. Tofauti na njia ya pili, hapa mashine inayovuta gari haiguswi sana. Kinachobadilika ni urefu, bodi na uzito.

Gia nzito na ukuta wa Ngorongoro

Wanunuzi wengi huuliza kama gari ni foo-wili na kuishia hapo. Swali linalofuata ndilo lenye fedha: lina gia nzito au halina? Gia nzito ni ile ya ziada inayopunguza mwendo wa magurudumu na kuongeza nguvu ya mvuto. Land Cruiser ya 70 inayo. HiAce ya kiwandani haina.

Tofauti hiyo huonekana Ngorongoro. Kingo za kreta ziko kwenye kimo cha mita 2,300 hivi kutoka usawa wa bahari, na sakafu yake iko chini kwa mita zipatazo 600. Mamlaka ya hifadhi hairuhusu gari lisilo foo-wili kushuka humo. Gari lenye gia nzito hushuka likizuiwa na injini. Lisilo nayo hushuka likizuiwa zaidi na breki, na breki zikipata moto hupoteza nguvu. Mwenye HiAce ya foo-wili anaweza kufanya kazi nzuri Tarangire na Ziwa Manyara wakati wa kiangazi, lakini asiweke kreta katika hesabu ya mapato ya kila wiki.

Upande wa Kenya, lami imefika lango la Sekenani la Maasai Mara kupitia Narok. Kwa hiyo gari la kawaida hufika langoni bila shida. Ndani ya hifadhi, udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha haujabadilika, na huko magurudumu mawili hayatoshi. Lami imepunguza uchakavu wa gari njiani, lakini haijaondoa haja ya foo-wili.

Injini kongwe na injini mpya

Injini iliyojenga biashara hii ni dizeli ya 1HZ ya Land Cruiser. Ina silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, haina turbo, na pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta. Ilianza mwaka 1990 na imeendelea kuuzwa Afrika miaka mingi baada ya kuondolewa katika nchi zenye sheria kali za moshi. Sifa yake si kasi. Nguvu zake ni za farasi 130 hivi, na mvuto wake ni Nm 285. Sifa yake ni kwamba fundi wa Karatu au Narok anaifahamu, na spea zake hupatikana bila kuagiza nje.

Udhaifu wake ni kimo. Injini isiyo na turbo huvuta hewa jinsi ilivyo, na kwenye mita 2,300 hewa ni nyepesi kiasi cha kupunguza nguvu kwa karibu moja ya tano. Gari lililorefushwa, lenye abiria saba, mizigo na jokofu, hupanda kingo za kreta polepole na hunywa mafuta mengi.

Injini inayochukua nafasi yake ni 1GD ya lita 2.8, yenye silinda nne na turbo. Toyota iliiweka katika Land Cruiser ya 70 mwaka 2023 kwa masoko ya Japan na Australia. Ikiwa na giaboksi ya otomatiki, hutoa nguvu za farasi 204 na mvuto wa Nm 500. Turbo huisaidia kushinda kimo, na hutumia mafuta kidogo kwa kazi ile ile. Mnunuzi anayeangalia karatasi tu hana sababu ya kurudi kwenye injini kongwe.

Barabarani mambo ni tofauti kidogo. Injini hii hupuliza dizeli kwa shinikizo kubwa sana kupitia nozeli zenye matundu madogo. Maji au uchafu kidogo kwenye mafuta huharibu nozeli na pampu, na vipuri hivyo ni vya bei ya juu. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili kukomesha uchakachuaji. Hatua hizo zimesaidia. Lakini dizeli ya madumu inayouzwa karibu na hifadhi haina mtu wa kuithibitisha.

Aidha, magari ya injini hiyo yanayotoka Japan huwa na chujio la masizi kwenye bomba la moshi pamoja na tangi la maji ya urea. Chujio hujisafisha kwa moto, na moto huo hupatikana kwa urahisi gari likiwa safarini kwa mwendo wa kutosha. Gari linalotembea kwa kilomita 20 kwa saa likifuata simba siku nzima halifikii joto hilo, na chujio huziba. Dawa yake ni kupanga safari ya lami kati ya siku za mbugani. Kungoja taa ya tahadhari iwake ni kuchelewa.

Sheria za umri zimeamua nusu ya jambo

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Injini ya 1GD iliingia katika HiAce ya Japan mwishoni mwa mwaka 2017. Maana yake ni kwamba mnunuzi wa Kenya anayetaka HiAce ya dizeli iliyotumika huko Japan hawezi tena kupata injini ya zamani ya lita 3.0. Atachukua 1GD pamoja na chujio lake na urea yake, au atachukua petroli ya lita 2.7 na kukubali gharama kubwa zaidi ya mafuta.

Tanzania haikufunga mlango huo, bali huongeza ushuru wa bidhaa kwa magari yaliyozeeka. Mnunuzi wa Tanzania anaweza bado kupata injini za zamani, lakini hulipia umri wake bandarini, na atakayemuuzia baadaye ataulipia umri huo tena kwa kupunguziwa bei.

Viwanda vinaelekea wapi

Mwelekeo wa viwanda ni mmoja. Injini kubwa za taratibu zinaondoka, na ndogo zenye turbo zinaingia. Foo-wili yenye gia nzito nayo inaachia nafasi foo-wili ya otomatiki. Mercedes-Benz, kwa mfano, iliondoa dizeli ya silinda sita katika Sprinter ya soko la Marekani na kuweka ya silinda nne ya lita 2.0 kuanzia toleo la mwaka 2023. Mfumo wa zamani wa foo-wili wenye gia nzito uliondoka pamoja nayo.

Umeme pia umeingia mbugani. Kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na kubadili jina kuwa Roam mwaka 2022, iling'oa injini za dizeli katika magari ya utalii nchini Kenya na kuweka mota na betri. Mota ya umeme haipungukiwi na hewa milimani, haina nozeli, na haifukuzi wanyama kwa kelele. Inafaa kambi iliyo ndani ya hifadhi, ambako gari hutembea taratibu mchana na kulala kwenye chaji usiku. Haijamfaa mwenye gari moja anayechukua wageni Arusha na kuwapeleka Seronera, safari ya zaidi ya kilomita 300, bila kujua atachajia wapi.

Hesabu ya siku

Njia salama ya kuamua ni kuhesabu siku za kazi. Tuseme, kwa mfano tu, Land Cruiser iliyorefushwa inazidi HiAce ya foo-wili kwa shilingi milioni 60, na hukodishwa kwa shilingi 200,000 zaidi kwa siku. Mafuta na matengenezo ya ziada yakila shilingi 50,000, hubaki 150,000. Zitahitajika siku 400 kurudisha tofauti hiyo, kabla ya riba.

Gari likipata kazi siku 160 kwa mwaka, siku hizo hutimia katika miaka miwili na nusu. Likipata siku 90, ni karibu miaka minne na nusu. Mkopo wa miaka mitatu huvumilia hali ya kwanza na kuvunjika katika ya pili. Msimu wa Juni hadi Oktoba na ule wa Desemba hadi Februari haumpi kazi mgeni katika biashara ambaye hana mkataba na wakala, na masika ya Machi hadi Mei humlaza hata mwenye mkataba.

Nyaraka nazo ni sehemu ya hesabu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha wa ushuru kwa foo-wili zilizotengenezwa mahsusi kwa utalii na kuingizwa na wakala mwenye leseni, kwa masharti. Gari hilo likitoka katika matumizi hayo, ushuru hudaiwa. Anayenunua gari la utalii lililotumika ahakikishe deni hilo limelipwa kabla ya kutoa fedha. Na aliyebadilisha injini ahakikishe namba mpya imeingizwa kwenye kadi ya gari, kwa kuwa bima inaweza kukataa gari lisilofanana na karatasi zake.

Kwa sasa, mwenye gari moja au mawili anayefanya kazi ya kreta na Serengeti bado analindwa na Land Cruiser yenye injini ambayo fundi wa njiani anaijua. Mwenye kazi ya lami na hifadhi za karibu atapata faida mapema kwa HiAce ya foo-wili ya kiwandani. Injini mpya ya lita 2.8 inamfaa mwenye uhakika wa kituo cha mafuta, karakana yenye kifaa cha kusomea kompyuta, na akiba ya seti moja ya nozeli. Asiye na hivyo vitatu aviweke kwanza katika bajeti, kwa sababu miaka inavyokwenda, injini nyingine za kuchagua zitazidi kupungua.