Kumbukumbu ya Kompyuta Inapojaa: Kompaila na Lugha ya Haskell

Mwanafunzi wa isimu anayechunguza matini ya Kiswahili kwa kompyuta anaweza kukutana na jambo la kushangaza. Programu iliyofanya kazi vizuri jana, leo inajaza kumbukumbu yote hadi mashine inakwama, na hakuna herufi hata moja iliyobadilishwa. Kilichobadilika ni mpangilio wa kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa amri za mashine.

Tuchukue Haskell, lugha ya kifanksheni iliyotolewa mwaka 1990, na kompaila yake GHC, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti. Haskell huahirisha kazi: haikokotoi kitu mpaka jibu lihitajike. Kwa sasa huweka ahadi tu, na ahadi nayo hukaa katika kumbukumbu.

Tuseme fanksheni yetu hupokea neno na kulitafuta katika michanganyiko yote ya silabi tatu. Tukiwa na silabi 100, michanganyiko ni 1,000,000. Bila uboreshaji, kila mara orodha huundwa upya kipande kwa kipande. Kilichokwisha kukaguliwa hufagiliwa, na kumbukumbu inayotumika ni ndogo. Tukiweka -O, kompaila hutambua kwamba orodha haitegemei neno lililopokelewa. Huweza basi kuitoa nje ya fanksheni ili iundwe mara moja tu. Ni akili nzuri, lakini sasa orodha haifagiliwi, kwa kuwa fanksheni inaweza kuihitaji tena. Kwenye mashine ya biti 64, orodha hiyo ikikamilika huchukua zaidi ya megabaiti 100. (Mara nyingine kompaila huiyeyusha orodha yote, tukaponea hapo.)

Kinyume chake pia hutokea. Tukihesabu maneno kwa foldl bila -O, kila neno huongeza ahadi moja, "jumlisha 1", juu ya ahadi zilizotangulia. Kwa -O, kompaila hugundua kwamba jumla itahitajika kwa vyovyote, ikaikokotoa papo hapo. Kwa hiyo kuizima -O kabisa si dawa.

Hapa istilahi yetu "kuvuja kwa kumbukumbu" inapotosha kidogo. Mtungi unaovuja hubaki mtupu, ilhali kumbukumbu hii imejaa vitu visivyoachiliwa. Mimi ningependelea "kung'ang'ania kumbukumbu", ingawa neno la kwanza limekwisha kuzoeleka.

Anayepatwa na tatizo hili aunganishe programu kwa -rtsopts, kisha aiendeshe kwa +RTS -s, aone kiasi cha juu cha kumbukumbu kilichoshikiliwa. Ajaribu na bila -O. Ikiwa kosa ni la orodha iliyotolewa nje, aongeze -fno-full-laziness. Ikiwa ni la kuhesabu, atumie foldl' badala ya foldl, asiutegemee mpangilio.