Kabla ya Kuiamsha Peugeot ya Mzee

Hapa Ishiara bado kuna pikapu za Peugeot 504 zilizoegeshwa chini ya miembe tangu wenyewe walipostaafu. Siwezi kukubali gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978 likatwekatwe liuzwe kama vyuma chakavu. Lakini mteja akija gereji kuuliza habari ya betri, mimi humwambia: Mzee, tuanze na breki.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205. Yakishaingia maji, hata nyuzi 140 hutosha. Ukiteremka kutoka Embu kuja huku kwenye joto, yakichemka tu, pedeli inagusa sakafu.

Kanyaga pedeli, uishikilie. Ikizama polepole na hakuna tone linalovuja, mipira ya silinda kuu imechoka. Ikibonyea kisha ikapanda unapoipampu, kuna hewa ndani, au shuu za nyuma ziko mbali na dramu.

Gurudumu likikataa kuzunguka, piga jeki, legeza kidogo nati ya kutolea hewa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, mara nyingi hozi imevimba ndani, ingawa nje yaonekana nzima. Lisipoachia, pistoni imeshikwa na kutu. Wengi hapo hubadilisha pedi tu; ni kupoteza pesa.

Ndugu msomaji, badilisha mafuta yote, mipira na hozi kabla ya kuliingiza gari barabarani. Watoto wa shule hupita kandokando ya barabara.