Kiti cha Gari cha Mtoto: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa
Mzazi anayesafiri na mtoto mchanga kwa gari dogo kutoka Ifakara hadi Mikumi huvutiwa na kiti cha kugeuzwa, kwa kuwa hutumika miaka kadhaa. Tunashauri aulize kwanza uzito wa juu unaoruhusiwa mtoto akitazama nyuma: vingine huishia kilo 13, vingine hufika 18. Tofauti hiyo ndiyo yenye thamani, kwani shingo changa haihimili kichwa gari lifungapo breki ghafla. Kiwango cha R129 hakiruhusu mtoto atazame mbele kabla ya miezi 15. Kiti cha mtumba kisicho na lebo hatukipendekezi, hata kwa bei ya kutupa. Kijaribiwe garini kabla ya kulipa, maana mikanda mingine ni mifupi. Kikitazama nyuma, kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.