Pampu Isiyopandisha Maji

Katika nyumba nyingi za Ujerumani, Uingereza na nchi nyingine za Ulaya zenye baridi kali, joto la ndani huletwa na maji. Boila huyapasha, mabomba huyapeleka kwenye rejeta za ukutani au chini ya sakafu, nayo yakipoa hurudi kupashwa upya. Zamani yalijizungusha yenyewe: ya moto, kwa wepesi wake, yakipanda, na yaliyopoa yakishuka, yote polepole na katika mabomba manene. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Wilhelm Opländer wa Dortmund alibuni kifaa cha umeme cha kuharakisha mzunguko huo, na pampu za leo ni kizazi chake.

Wanunuzi wengi hukosea kwa kuhesabu ghorofa. Aliyezoea pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la juu ya paa hudhani nyumba ya ghorofa tatu inadai mashine yenye nguvu. Lakini mzunguko wa kupasha nyumba umefungwa na umejaa maji. Uzito wa yanayopanda husawazishwa na uzito wa yanayoshuka. Pampu inashindana na msuguano tu.

Kwa hiyo yanatafutwa mambo mawili. La kwanza ni kiasi cha maji kwa saa: kilowati za joto zinazohitajika huzidishwa kwa 860, kisha hugawanywa kwa tofauti ya nyuzi kati ya maji yanayotoka na yanayorudi. Nyumba ya kilowati 10 yenye rejeta, tofauti ikiwa nyuzi 20, inahitaji lita 430 kwa saa. Joto likipita chini ya sakafu, ambako tofauti huwa kama nyuzi 5, zinahitajika lita 1,720.

La pili ni msukumo, unaopimwa kwa meta za maji. Huangaliwa njia moja tu, ile yenye msuguano mkubwa kuliko zote, kwenda na kurudi. Mabomba yaliyopimwa vizuri hula kama sentimeta 1.5 kwa kila meta, hivyo meta 40 zitakula sentimeta 60. Viwiko vikiongeza nusu yake, na vali pamoja na boila zikala meta moja hivi, jumla haifiki hata meta mbili.

Pampu iliyoandikwa 25-60 ina maungio ya milimita 25 na msukumo wa juu kabisa wa meta 6. Kwa nyumba hiyo hata 25-40 inatosha. Hata hivyo mafundi hupenda kubwa, wakiamini ndiyo salama. Rejeta moja ikikosa joto, dawa ya haraka huwa kubadilisha pampu, ilhali aghalabu kinachotakiwa ni kubana vali za rejeta zilizo karibu na boila ili maji yafike mbali. Maji yakisukumwa kupita kiasi, vali hupiga mluzi na joto haliongezeki kwa kiasi cha maana.

Umeme nao hupotea bure. Mwendo wa pampu ukipunguzwa kwa nusu, umeme unaohitajika hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Ndiyo maana pampu mpya hujirekebisha zenyewe, na tangu Agosti 2015 kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka kipimo chake cha ufanisi wa umeme, EEI, kisizidi 0.23; kikiwa kidogo ndiyo bora. Kwa rejeta zenye vali za kujifunga, huwekwa kwenye hali ya msukumo unaopungua pamoja na mtiririko. Kwa sakafu, msukumo usiobadilika.

Gamba la pampu la chuma cha kawaida linafaa kwenye mzunguko uliofungwa tu. Maji ya kuoga huingia mapya kila siku yakiwa na oksijeni, hivyo hudai shaba nyeusi au chuma kisichopata kutu. Katika mfumo wa zamani huongezwa kichujio cha sumaku, kwa sababu sumaku ya mota hunasa tope jeusi la kutu. Wakati wa kufunga, shafti hulazwa sawa na sakafu, na pampu haiwashwi kabla ya maji kujaa na hewa kutolewa, kwani beringi zake hulainishwa na maji hayohayo.